Ridhaa ya Mama T.: kisa cha imani, mume na hospitali ya misheni katika uamuzi wa kufunga kizazi

Kuhusu kisa hiki

Nimekiandika kwa ajili ya manesi na madaktari wa hospitali za makanisa, mapadri, wachungaji, makatekista, wazee wa kanisa na wasimamizi wa ndoa. Hao ndio wanaokaa na mama anapouliza kama anaweza kuacha kuzaa, na mara nyingi wanajibu kabla hajamaliza kuuliza. Majina yote yameondolewa, pamoja na parokia, hospitali na wilaya, na mambo machache yasiyogusa kiini yamebadilishwa. Mama mwenyewe ameyasoma haya na kuyaridhia. Nitamwita Mama T., na mumewe Baba T.

Mimi niliingia nikiwa mshauri wa familia, wakati mama ameshajifungua mara ya nne. Yaliyotangulia nimeyapata kwake, kwa mumewe, kwa daktari aliyempasua na kwenye kadi yake ya kliniki.

Historia

Mama T. alikuwa na miaka 34 mimba ya nne iliposhika. Ni fundi cherehani katika mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini. Alilelewa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, akapata kipaimara huko, na alipokaribia kuolewa akapokelewa katika Kanisa Katoliki kwa hiari yake. Hili la hiari hulirudia kila anapojieleza, kwa kuwa watu wamezoea kumwambia kwamba alifuata dini ya mume.

Baba T. ni mkulima wa mahindi na viazi, na ni mjumbe wa kamati tendaji ya parokia. Halewi, hapigi, na ada ya shule hulipwa kwa wakati. Nayataja haya kwa sababu nikikisimulia kisa hiki kwenye semina, wengi huanza kumtafuta mume mkorofi, na wasipompata hukosa la kusema.

Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji baada ya uchungu pingamizi, yaani mtoto kushindwa kupita. Wa pili alizaliwa kwa upasuaji pia, akafariki akiwa na siku mbili. Katika upasuaji wa tatu mama alitokwa na damu nyingi, akaongezewa chupa mbili. Kesho yake, akiwa bado na mpira wa mkojo, daktari alimweleza kwamba mimba nyingine ingekuwa hatari, akaandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu: "Makovu 3. Ashauriwe uzazi wa mpango." Baba T. hakuwapo wodini saa ile. Alikuwa ameenda kuwatafuta ndugu wa kurudisha damu iliyotumika. Habari kubwa kuliko zote katika ndoa yao ilimfikia mke peke yake, akiwa amelala chali, na mume akaja kuipata kwa kusimuliwa. Naamini nusu ya ugomvi uliofuata ulianzia hapo.

Waliporudi nyumbani walikubaliana kutumia njia za asili, wakafundishwa na wanandoa wawili wa parokia waliopata mafunzo ya kuangalia ute na joto la mwili. Wanandoa wale walifundisha kwa moyo. Lakini Mama T. alikuwa ananyonyesha, hedhi yake ilikuwa haijatulia, na dalili za mwili wa mama anayenyonyesha ni ngumu kuzisoma. Mtoto wa tatu alipofikisha miezi 14, mimba ya nne ilikuwa imeshashika.

Hatari yenyewe ilikuwa ipi

Nimewasikia watu wa kanisa wakisema "madaktari wanatisha tu", kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mfuko wa uzazi uliopasuliwa hupona kwa kovu, na kovu halivutiki kama nyama ya asili. Mimba inapokua, au uchungu unapoanza, linaweza kuachia. Hatari ya pili haijulikani sana na inaua zaidi ya watu wanavyodhani: kondo la nyuma linaweza kujipandikiza juu ya kovu na kuzama ndani yake, likakataa kutoka mtoto anapozaliwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia wanawake zaidi ya 30,000 waliojifungua kwa upasuaji, ulionyesha jinsi hatari hiyo inavyopanda. Kwa wale ambao kondo lilikuwa limetangulia mbele ya mlango wa kizazi, tatizo la kuzama lilikuta asilimia 3 katika upasuaji wa kwanza, 11 katika wa pili, 40 katika wa tatu, 61 katika wa nne na 67 katika wa tano. Mara nyingi dawa pekee ni kuondoa mfuko wote wa uzazi haraka, na kuwa na damu ya kutosha benki. Hospitali nyingi za wilaya hazina uhakika na hiyo damu.

Tanzania imepiga hatua kubwa. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Lakini mwanamke wa makovu manne si mwanamke wa wastani.

Mfululizo wa matukio

*Ujauzito.* Katika hudhurio la pili la kliniki Mama T. alimwambia nesi kwamba safari hii angependa afungwe kizazi palepale mezani. Nesi akamjibu, "Hayo utaongea na daktari, mama." Ilikuwa hospitali ya misheni ya Kikatoliki, ambayo ndiyo inayotumika kama hospitali ya wilaya, na kila mtumishi alijua kwamba kufunga kizazi hakufanyiki pale. Hakuambiwa. Alikuja kuambiwa na daktari mimba ikiwa na wiki 35, wakati wa kupanga tarehe ya upasuaji. Hospitali ya rufaa ya serikali ilikuwa mbali, nauli na mahali pa kulala kungoja upasuaji vilihitaji pesa, na uamuzi wa kuhama ulihitaji mume akubali.

*Nyumbani.* Baba T. alikataa. Alisema kumfunga mtu ni kuweka kufuli mahali ambapo Mungu ndiye mwenye ufunguo, kisha akamsomea 1 Wakorintho 7:4: "Mke hana amri juu ya mwili wake, bali mumewe." Mama T. alinyamaza. Mama yake mzazi, ambaye ni Mlutheri, alimwambia kwa simu kwamba kwao wake wa wachungaji wamefunga na wanakula Chakula cha Bwana bila neno. Maneno hayo hayakumsaidia kitu. Yalimfanya aonekane kwa mumewe kama mtu anayetafuta dini itakayomruhusu.

*Parokiani.* Alikwenda kwa paroko peke yake. Paroko alimpokea vizuri, akamweleza mafundisho ya Kanisa kwa usahihi, akamwambia atamwombea. Jumapili ile ile, kwa nia njema, alimvuta Baba T. pembeni baada ya misa na kumwambia amtulize mkewe, ana hofu. Baba T. hakuwa anajua kama mkewe alifika parokiani. Kwa wiki mbili waliishi bila kuongea zaidi ya habari za chakula na watoto.

*Upasuaji.* Alipasuliwa mimba ikiwa na wiki 38. Mtoto alilia vizuri. Kibofu kilikuwa kimeshikamana na mfuko wa uzazi, na sehemu ya kovu ilikuwa nyembamba kiasi kwamba daktari aliona nywele za mtoto kabla hajakata. Nesi mmoja alisema, "Daktari, si umfunge tu? Nani atajua?" Daktari, ambaye si Mkatoliki na angeweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika chache, alikataa. Sababu alizonipa zilikuwa mbili: hospitali hairuhusu, na mama hakuwa ameweka saini. "Hata angekuwa ameniomba mezani," aliniambia, "mtu aliyefunguliwa tumbo hawezi kuamua jambo la kudumu."

*Baada ya wiki sita.* Mama T. alikwenda mwenyewe hospitali ya rufaa ya serikali. Nesi aliyempokea alimweleza kufunga mirija vizuri, akampa fomu, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho na kusema, "Hapa baba asaini." Mama akasema mume hajakubali. Nesi akairudisha fomu kwenye droo. Baadaye ilibainika kwamba mstari ule ulikuwa wa shahidi, lakini kwa mazoea ya chumba kile ulikuwa umeshageuka kuwa mstari wa mume. Alirudi nyumbani na kalamu aliyoinunua getini kwa ajili ya saini yake.

Hapo ndipo msimamizi wao wa ndoa, yule wa kike, alipomleta kwangu.

Maamuzi yaliyofanyika na sababu zake

La kwanza lilikuwa kumsikiliza mke peke yake kabla ya kumwita mume. Wapo waliosema hilo ni kuwatenganisha wanandoa. Lakini kwa miezi kadhaa kila mtu alikuwa amezungumza juu ya mwili wa mama huyu, na hakuna aliyemwuliza swali moja na kungoja jibu: yeye anataka nini, na anaogopa nini? Jibu lake halikuwa lile nililodhani. Alisema haogopi kufa kama anavyoogopa kufa akiwa amewaacha watoto watatu kwa kiburi cha kukataa onyo. Na anaogopa pia kumkosea Mungu. Vyote viwili kwa pamoja, na alitaka tusimwondolee kimoja ili kingine kiwe rahisi.

Aliniuliza moja kwa moja, "Ni dhambi?" Sikumjibu kwa ndiyo au hapana. Nilimwekea mafundisho mezani yalivyo. Kanisa Katoliki, katika waraka wa Papa Paulo VI wa Julai 1968, Humanae Vitae, linakataza kufunga uzazi kwa makusudi, iwe kwa mwanamume au mwanamke, kwa kudumu au kwa muda. Waraka huo huo unakubali kwamba wazazi, kwa sababu nzito, wanaweza kuamua kutozaa tena kwa muda usiojulikana mwisho wake, ila kwa njia zinazofuata majira ya mwili. Na swali kama la Mama T. hasa lilishaulizwa Vatikani. Mwaka 1993 ofisi inayosimamia mafundisho ya imani ilijibu kwamba mfuko wa uzazi ulioharibika kiasi cha kuhatarisha maisha hapo hapo unaweza kuondolewa. Lakini ule uliodhoofishwa na upasuaji uliopita, ambao hatari yake itakuja tu endapo mimba itashika, hauruhusiwi kuondolewa kwa ajili hiyo, wala mirija kufungwa badala yake. Wakristo wengine wamefika kwingine. Maaskofu wa Kianglikana walianza kuzikubali njia za kuzuia mimba kwa masharti kwenye mkutano wa Lambeth wa 1930, na mwaka 1958 wakaliweka suala la idadi ya watoto juu ya dhamiri ya wazazi mbele za Mungu. Walutheri, kanisa alilokulia, hawana katazo kama lile la Roma.

Nikamwonyesha pia kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki yenyewe, namba 1782, inasema mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Si ruhusa ya kufanya utakalo, maana Kanisa linadai pia dhamiri ilelewe. Lakini ilimtosha kumwonyesha kwamba kiti cha kuamulia kipo, na ni chake.

La pili lilikuwa kumwuliza Baba T. habari za mtoto wa pili. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Mazishi yalifanywa na wazee siku ile ile, mama akiwa bado wodini, naye baba aliambiwa ajikaze. Alipofunguka, ilidhihirika kwamba ufunguo wa Mungu aliousema ulikuwa na uso na jina. Alikuwa anaogopa kufunga uzazi halafu mwingine tena afe. Andiko alilishika kwa sababu hofu hakuwa na namna ya kuisema.

La tatu lilikuwa kuwakalisha wote wawili pamoja na wasimamizi wao wa ndoa, na kusoma sura ile ile ya 7 ya 1 Wakorintho, kuanzia aya ya 3 hadi ya 5. Msimamizi wa kiume ndiye aliyesoma. Alipofika "bali mumewe" hakusimama, akaendelea: "vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe." Baba T. aliiomba Biblia, akasoma mwenyewe, akarudia. Hapo Mama T. akazungumza kwa mara ya kwanza mbele ya watu wanne. Alisema, "Hata Mwokozi alipotaka kuja, malaika hakwenda kwa Yusufu kwanza. Alikuja kwa Mariamu, akangoja mpaka aseme."

La nne lilikuwa la Mama T. mwenyewe, na halikuwa lile tulilotarajia. Alichagua vijiti viwili vya kuzuia mimba, vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, vya miaka mitano. Kufunga mirija akakuahirisha.

Matokeo

Sababu yake aliitoa bila kuulizwa. Mume alikuwa bado anaomboleza, na hakutaka kufanya jambo la kudumu juu ya kidonda ambacho ndiyo kwanza kimefunguliwa. Upande wa tiba hakukuwa na hasara. Kati ya wanawake 1,000 wanaotumia vijiti, anayeshika mimba mwaka wa kwanza ni mmoja au hakuna. Kwa waliofunga mirija ni kama 5. Vijiti havikuwa nusu njia.

Miezi mitatu ya mwanzo alipata matone ya damu yasiyo na mpangilio. Baba T. alipendekeza vitolewe. Mama akamkumbusha walichoelezwa siku vilipowekwa, na vikabaki. Damu ilitulia.

Gharama ya kiroho ilikuwepo na sitaipunguza. Vijiti navyo viko ndani ya katazo la Kanisa lake, na Mama T. alijua. Kwa muda mrefu alibaki kwenye benchi wenzake wakipanda kupokea Komunyo, na wanawake wa jumuiya waliona. Baadaye alikwenda kuungama, na sasa anapokea. Kilichosemwa kwenye kitubio ni chake na padri, na sijakiuliza.

Ndoa ipo. Baba T. aliacha ujumbe wa kamati tendaji mwaka uliofuata kwa sababu alizoziita za shamba. Mkewe anaamini zilikuwa zaidi ya shamba.

Uchambuzi

*Maswali mawili yaliyofungwa kamba moja.* Katika kisa hiki kulikuwa na swali la njia, yaani ipi inakubalika mbele za Mungu, na swali la mwamuzi, yaani nani mwenye neno la mwisho juu ya mwili huu. Makanisa yanatofautiana kwenye la kwanza, na yana haki ya kufundisha kwa nguvu zote. Kosa lilikuwa kulitumia la kwanza kujibia la pili. Kwa kuwa Kanisa linakataza kufunga, mume akajiona ndiye mlinzi wa mlango, hospitali ikaona haina haja ya kueleza, na nesi wa serikali akaona saini ya baba inatosha kuwa dhamiri ya nyumba. Mkristo anayeamini kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, kama 1 Wakorintho 6:19 inavyosema, anasema kwamba mwili huo umekabidhiwa mtu fulani autunze, na ndiye atakayeulizwa. Uwakili hauwezi kufanywa kwa niaba.

Naliandika hili nikijua upande wa pili wake. Wanawake wenye virusi vya Ukimwi nchini Kenya walifungwa mirija bila ridhaa ya kweli, wengine wakiwa kwenye meza ya kujifungulia, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaja kuwapa haki yao. Waliowafunga nao walikuwa na sababu nzuri ya kitabibu midomoni. Ndiyo maana namheshimu sana daktari yule wa misheni. Alikuwa na mkasi, alikuwa na sababu, na aliona mfuko ulivyochakaa. Mwaka 2011 shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi lilisema ridhaa ya kufunga isiombwe wakati mama ana uchungu au yuko katika hali ya udhaifu, na kwamba ni ya mwanamke mwenyewe. Daktari huyu hakuutaja mwongozo wowote. Alijua tu kwamba hana saini.

*Ukimya wa hospitali.* Hapa sina upole mwingi. Hospitali ya Kikatoliki inaweza kukataa kufunga kizazi, na sioni haki ya kumlazimisha sista au daktari atende anachoamini ni dhambi. Lakini kukataa ni jambo la kusemwa mapema. Mama aliuliza kwenye hudhurio la pili, akajibiwa kwenye wiki ya 35, na katikati ya hapo kulikuwa na miezi ya kukusanya nauli, kupanga pa kulala na kuzungumza na mume bila haraka. Hospitali inapokuwa ndiyo pekee wilayani, na inapopokea watumishi na ruzuku ya serikali kwa makubaliano ya kuwahudumia watu wote, Waislamu na wasio na dini wakiwemo, ukimya wake unamwamulia mama bila kumwuliza. Dhamiri ya taasisi haichafuki kwa kusema ukweli kwamba "huduma hiyo hapa haipo".

*Siri.* Paroko hakutoa siri ya kitubio, kwa sababu mama hakwenda kuungama, alikwenda kuomba ushauri. Kwa mwanamke aliyekaa kwenye kile kiti tofauti hiyo haina maana. Swali moja tu, "Niongee na mumeo au nisiongee?", lingeokoa wiki mbili za ukimya ndani ya nyumba. Mafundisho aliyoyatoa yalikuwa sahihi. Utaratibu ndio uliomwumiza mama.

*Saini.* Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, ile ya Afrika kuhusu haki za wanawake, mwaka 2007, na ibara yake ya 14 inampa mwanamke haki ya kuamua kama atazaa, watoto wangapi, kwa nafasi ipi na kwa njia ipi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba idhini ya mume isiwe sharti. Bado mstari wa shahidi kwenye karatasi moja, katika chumba kimoja, ulitosha kuzifuta hati zote hizo. Nesi yule alisema analinda ndoa za watu, na wanaume wamewahi kumjia juu. Namwamini. Basi apewe ulinzi na uongozi wake, mzigo asiubebeshwe mama.

*Njia za asili.* Baadhi ya wenzangu huzitupilia mbali, nami sikubaliani nao. Zinawafaa wanandoa wengi walioelewana. Lakini mama wa makovu matatu, anayenyonyesha, ambaye mimba kwake ni suala la uhai, alistahili kuambiwa waziwazi kwamba kipindi kile ndicho kigumu kuliko vyote kwa njia zile. Waliomfundisha hawakuwa na taarifa ya makovu yake, na fomu yao ya kujiandikisha haikuwa na mahali pa kuuliza.

*Kilichosahauliwa na wote.* Mpaka tulipokaa pamoja, hakuna aliyekuwa ametaja kwamba mwanamume naye hufungwa. Ni upasuaji mdogo kwa ganzi ya sehemu tu, mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na baada ya kama miezi mitatu unakuwa umekamilika. Kanisa Katoliki linaukataza sawasawa na ule wa mwanamke, kwa hiyo haukuwa jibu la swali la imani. Lakini ulipotajwa, Baba T. alikaa kimya kwa muda, kisha akasema asingependa mtu amwamulie hilo. Mkewe alimtazama tu. Nadhani dakika ile ilifanya kazi kuliko maelezo yangu yote.

*Wasimamizi wa ndoa.* Kama parokia au usharika unataka kuanza mahali, uanzie hapa. Wale wawili walikuwa wanajulikana na nyumba zote mbili tangu siku ya harusi, walikuwa na haki ya kuingia bila kubisha, na hawakuwa na cheo cha kuogopwa. Semina za ndoa zinawafundisha namna ya kusuluhisha ugomvi wa pesa na wakwe. Hazijawahi kuwafundisha kusoma kadi ya kliniki.

Yaliyobadilika na yaliyobaki

Baada ya majadiliano ya kisa hiki, uongozi wa hospitali ulikubali kwamba kila mama mwenye kovu zaidi ya moja aelezwe, kwenye hudhurio la kwanza na mumewe akiwapo kama mama ataridhia, huduma gani za uzazi wa mpango zipo pale na zipi hazipo. Daktari naye haelezi tena hatari ya mimba ijayo kitandani kesho yake ya upasuaji. Anangoja mama akae, na anauliza nani mwingine angependa asikie.

Hoja ya pili, kwamba mama atajiwe hospitali ambako huduma hiyo inapatikana, haijapita. Baadhi ya wajumbe wa bodi wanaona kutaja jina la hospitali nyingine ni kushiriki tendo lenyewe. Wengine wanaona ni habari tu, kama kumwelekeza mtu barabara. Askofu ameomba muda wa kulitafakari. Wakati huo huo kliniki inafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na akina mama wa kovu la pili na la tatu wanaendelea kuja.